UZI: Lyme Regis, mji mdogo wa pwani Uingereza ambao kivutio chake kikubwa hakina kiingilio

#1 Binti_Msasani

Wakuu, habari zenu. Kila likizo za shule zikikaribia linarudi humu swali la wenzetu walioko Uingereza: watoto wamechoka kukaa ndani, tuwapeleke pwani gani? Majibu huwa Brighton, Bournemouth na Blackpool. Ni miji mizuri. Lakini kama una watoto wanaopenda kuokota vitu na kuuliza maswali yasiyoisha, naomba niwaelekeze Lyme Regis. Nakaa Bristol na familia yangu, na huko ndiko tunakokimbilia tukipata nafasi, kiangazi na hata wakati wa baridi.

Lyme Regis uko kusini-magharibi, mkoa wa Dorset, mpakani kabisa na Devon. Wakazi wake hawafiki 4,000. Mji umejibana kwenye bonde la kijito kinachoitwa Lim, barabara yake kuu ya Broad Street inateremka moja kwa moja hadi baharini, na pande zote mbili kuna majabali ya udongo wa kijivu yanayomeguka mwaka hadi mwaka.

Hayo majabali ndiyo habari yenyewe. Ni matabaka ya mawe ya chokaa na udongo mgumu yaliyojitandika chini ya bahari ya joto karibu miaka milioni 195 hadi 200 iliyopita. Mvua na dhoruba zikiyamegua, visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe) vinaanguka ufukweni, bahari inaosha udongo, kisukuku kinabaki katikati ya kokoto. Vingi ni amonaiti, viumbe wa ukoo mmoja na pweza na ngisi walioishi ndani ya gamba lililojiviringisha. Ukiwa na bahati unaokota pingili ya uti wa mgongo wa ikthiosauri, yule mnyama mkubwa wa baharini wa enzi za dainosa. Unatembea, unainama, unaokota, unaondoka nacho. Ufukwe huu ni sehemu ya Pwani ya Jurasiki, ukanda wa kilomita 155 kutoka Exmouth hadi Studland, ambao UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001.

Kuna jambo moja nataka mlishike kabla ya mengine yote. Safari ya Lyme panga kwa kufuata maji, hali ya hewa iangalie baadaye. Tafuta kwanza jedwali la kupwa na kujaa la Lyme Regis, ndipo ununue tiketi ya treni. Anza kutembea maji yakiwa bado yanatoka, kama saa mbili kabla ya mwisho wa kupwa, na geuza yanapoanza kurudi. Mtu wa Tanga, Bagamoyo au Pemba hahitaji kufundishwa habari za maji. Tofauti ya huku ni kwamba nyuma yako pamesimama jabali. Maji yakijaa yanafika mpaka chini ya ukuta wa udongo na hakuna pa kupandia. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, bahari inatoka mbali sana na unaokota vizuri kuliko siku nyingine, lakini ndizo siku ambazo inarudi juu zaidi. Angalieni pia saa iliyotumika: majedwali mengine yanaandika saa za Greenwich mwaka mzima, kwa hiyo kiangazi inabidi uongeze saa moja.

La pili, msikae chini ya jabali kula wala kupumzika, hata kama upepo ni mkali na pale panaonekana pana kinga. Mei 2008 kipande cha pwani chenye urefu wa kama mita 400 kiliporomoka kati ya Lyme na Charmouth. Matope yale yanaonekana makavu juu, ukikanyaga unazama hadi magotini. Ukiona mtu amenasa au amezingirwa na maji, piga 999 na uombe walinzi wa pwani. Usimfuate.

Nitaendelea na historia ya mji. Ulizeni.

#2 kijana_wa_Leicester

Dada, naweka kambi hapa. Swali langu ni la watu tusio na gari. Inawezekana kweli kwenda na kurudi siku moja?

#3 Binti_Msasani

Kutoka London inawezekana ukiamka mapema. Panda treni Waterloo inayoelekea Exeter, shuka Axminster, ni chini ya saa tatu. Axminster ni ule mji wa mazulia. Zamani reli ilifika Lyme kwenyewe, ilifungwa 1965, kwa hiyo kutoka stesheni unachukua basi, dakika ishirini na kitu. Angalia basi la mwisho la kurudi kabla hujaondoka nyumbani, hasa Jumapili na nje ya kiangazi, maana teksi za pale ni chache.

Kutoka Leicester ni mbali, kaka. Lala usiku mmoja. Vyumba vya Lyme kiangazi vina bei, jaribu Axminster au Seaton, utalipa kidogo. Januari hadi Machi bei zinashuka, na hiyo miezi ya dhoruba ndiyo visukuku vinatoka kwa wingi kuliko Agosti. Wazoefu wote wa pale wanakwenda wakati wa baridi.

Wenye magari: maegesho ya chini karibu na bahari yanajaa asubuhi mapema. Acha gari Holmbush juu ya kilima, teremka kwa miguu kupitia bustanini.

#4 Ukhty_Z

Asante dada kwa uzi. Nina wavulana wawili, wa miaka sita na tisa. Kwanza, ni halali kisheria kuchukua hayo mawe? Huku kila kitu kina sheria. Pili, kwa watoto wadogo tuanzie wapi?

#5 Binti_Msasani

Wa alaikum salaam kama ulisalimu kimoyomoyo. Swali zuri sana.

Kilichoanguka na kulala huru ufukweni unaruhusiwa kuokota kwa matumizi yako. Kuchimba au kugonga jabali lenyewe hairuhusiwi, na hata kama ingeruhusiwa ni kujitafutia kifo. Ukipata kitu kikubwa au cha ajabu, mfano taya, fuvu, mifupa iliyoshikamana, kuna utaratibu wa kukiandikisha kwenye kituo cha Charmouth ili wataalamu wajue kimepatikana. Hawakunyang'anyi. Utaratibu huo umejengwa kwa kuaminiana kati ya waokotaji na wanasayansi, kwa sababu wote wanajua kwamba kisichookotwa leo bahari itakisaga wiki ijayo.

Kwa umri wa wanao, anzieni Charmouth, kama kilomita tatu mashariki ya Lyme. Ufukwe ni mpana na kile kituo kiko palepale kwenye jengo la kilichokuwa kiwanda cha saruji. Kuingia ni bure. Watu wa kituo wanawaonyesha watoto kisukuku kinafananaje kabla hawajatoka nje, na hiyo inaokoa saa nzima ya kuokota kokoto za kawaida. Pia kituo hicho na makumbusho ya Lyme hupanga matembezi ya kuokota mkiongozwa na mtaalamu. Hayo yanalipiwa na yanajaa haraka, lakini kwa mara ya kwanza lipa tu, pesa yako haipotei.

Wafundishe watoto hivi: msichimbe, msipasue, tembeeni polepole macho chini karibu na mstari wa maji pale kokoto ndogo zilipokusanyika. Tafuteni umbo lenye mpangilio, mduara wenye mistari, au kijiti laini chenye ncha mfano wa risasi. Hicho kijiti ni belemnaiti, mnyama wa jamii ya ngisi, na hakuna mtoto anayerudi kutoka Charmouth bila hata kimoja. Amonaiti wadogo wa Charmouth wengine wamegeuka madini ya chuma na salfa, wanang'aa kama dhahabu. Mwanangu wa kwanza alipopata wa namna hiyo alikataa kula mchana kwa furaha.

Viatu viwe vya kufunga vyenye soli nzuri, si ndala. Koti la mvua hata Julai. Nyundo acheni nyumbani.

Tahadhari nyingine: sehemu ya ufukwe kati ya Lyme na Charmouth ina vipande vya vioo na vyuma, kwa sababu jalala la zamani la mji lilikuwa juu ya jabali na yale maporomoko ya 2008 yakalishusha. Watoto wavae glavu.

#6 Mzee_Rondo

Wanangu salaam. Mimi ni mtu wa Lindi, nimestaafu ualimu. Nimesoma na kusisimka, kwa kuwa habari hii ni jirani na ya kwetu.

Tendaguru, kaskazini-magharibi ya Lindi mjini, kuna mifupa ya dainosa ya karibu miaka milioni 150, nayo ni ya enzi hiyohiyo ya Jurasiki, sehemu yake ya mwisho. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani aliyekuwa akitafuta madini aliiona ikitokeza juu ya ardhi. Kutoka 1909 hadi 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin ulichimba, na mamia ya watu wetu walifanya kazi hiyo. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, fundi hodari wa kufukua na kusafisha mifupa. Mizigo ilibebwa kichwani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Mnyama mmoja leo amesimama Berlin, urefu wake kwenda juu unazidi mita 13. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza nao walikuja kuchimba kuanzia 1924, na kijana Louis Leakey alikuwamo kwenye msafara ule wa kwanza.

Nauliza hivi, binti: hao watu wa Lyme, vilivyookotwa kwao vimebaki kwao au navyo vilikwenda mbali?

#7 Binti_Msasani

Shikamoo mzee wangu. Asante sana, jina la Boheti bin Amrani linastahili kujulikana na kila mtoto wa shule Tanzania.

Swali lako linanifikisha kwenye historia niliyoahidi, kwa sababu jibu ni kwamba vingi vilikwenda London, na aliyevipata hakupewa heshima yake akiwa hai.

Anaitwa Mary Anning. Alizaliwa Lyme tarehe 21 Mei 1799. Baba yake alikuwa fundi seremala wa makabati, akiongeza kipato kwa kuokota visukuku na kuwauzia wageni waliokuja kuoga baharini. Alifariki 1810 akaacha madeni. Mwaka 1811 kaka yake Mary, Joseph, aliona fuvu refu lenye meno jabalini, na mwaka uliofuata Mary, akiwa na miaka kumi na mbili hivi, akapata mwili uliobaki. Alikuwa ikthiosauri, na ndiye wa kwanza kuwashughulisha wanasayansi wa London kwa dhati. Mwaka 1823 akapata plesiosauri mzima, mnyama mwenye shingo ndefu kiasi kwamba Georges Cuvier, bingwa wa Ufaransa katika elimu hiyo, alishuku kwamba ni wa kughushi, kisha akakubali kwamba ni wa kweli. Mwaka 1828 akapata terosauri, mtambaazi arukaye wa enzi za dainosa, wa kwanza wa aina hiyo kupatikana nje ya Ujerumani. Ni yeye pia aliyeona kwamba mawe fulani yaliyokutwa ndani ya matumbo ya ikthiosauri ni kinyesi kilichogeuka jiwe, na kutokana na hicho watu wakajua wanyama wale walikula nini. Waambieni watoto habari hiyo ya kinyesi, hamtapata tabu tena ya kuwashawishi waingie makumbusho.

Haya yote aliyafanya wakati wa baridi, maji yakipwa, peke yake na mbwa wake Tray. Mwaka 1833 jabali liliporomoka likamuua mbwa hatua chache kutoka alipokuwa amesimama. Hadithi hii nawasimulia wanangu kila tunapofika, kabla hatujashuka ufukweni.

Alijisomea mwenyewe. Alinakili makala za wanasayansi kwa mkono pamoja na michoro, akapasua samaki na ngisi kulinganisha na alivyovikuta kwenye mawe. Mabwana wa London walinunua vitu vyake, wakaviandikia, wakasifiwa, na mara nyingi jina lake halikuandikwa. Chama cha Jiolojia cha London hakikukubali wanachama wanawake hadi 1919, yeye alikuwa amefariki 1847 kwa saratani ya matiti. Wanachama wa chama hichohicho walichangia dirisha la vioo vya rangi kwa kumbukumbu yake kwenye kanisa la St Michael hapo Lyme. Kaburi lake liko nje ya kanisa hilo, na utakuta watu wameweka amonaiti juu yake.

Makumbusho ya mji yamejengwa mahali palipokuwa nyumba yao. Yana kiingilio lakini hayachoshi, ni madogo, na vitu vyake vimepangwa na watu wanaovipenda. Wanyama wake wakubwa nendeni mkawaone kwenye Makumbusho ya Historia ya Asili London, ambako kuingia ni bure. Mwaka 2022, siku ya kuzaliwa kwake, ilizinduliwa sanamu yake karibu na bahari: anatembea kuelekea ufukweni, kikapu mkononi, Tray pembeni. Kampeni ya sanamu hiyo ilianzishwa na binti wa shule wa Dorset aliyeuliza kwa nini haipo.

Kwa hiyo mzee, vilikwenda mbali. Ila walichoshikilia ni kwamba kazi ya kuokota, kusafisha na kusimulia imebaki mikononi mwa watu wa pale. Mafundi wa visukuku wana karakana na maduka mjini, vijana wanaongoza wageni, kuna tamasha la visukuku, shule zinakuja kwa mabasi. Kwa mji usiofikisha watu 4,000 hiyo ni ajira ya maana. Nikifika pale naiwaza Tendaguru. Lindi ina bahari, ina historia, ina mifupa iliyotikisa dunia, na mgeni akishuka leo hapati hata mahali pa kuonyeshwa nakala ya mfupa mmoja wa maana. Inaniuma.

#8 Mzee_Rondo

Marahaba binti. Umejibu kikamilifu. Nakala peke yake ingetosha kuanzia, na kijana wa kuisimulia kwa Kiswahili akiwa amesimama palepale ilipotoka.

#9 Chalii_wa_Luton

Sasa mkuu, tofauti na mawe kuna nini? Mimi siyo mtu wa kuinama ufukweni siku nzima. Nataka bahari, michezo, shughuli.

#10 Binti_Msasani

Swali la haki, na nitajibu bila kupamba. Kama unataka mabembea makubwa, taa na muziki hadi usiku, Lyme haikufai. Nenda Weymouth au Bournemouth.

Kilichopo ni hiki. Kuna ufukwe wa mchanga karibu na bandari, uliokingwa, kina kinaongezeka taratibu, mzuri kwa watoto. Mchanga wenyewe uliletwa kutoka Ufaransa, wa asili ni kokoto. Unaweza kukodi ubao wa kupigia kasia ukiwa umesimama, au mtumbwi mdogo wa plastiki. Boti zinatoka bandarini kupeleka watu kuvua. Watoto wanavua kaa kwa uzi na chambo kwenye ukuta wa bandari, wanawaweka kwenye ndoo ya maji ya bahari, wanawaangalia, wanawarudisha. Ndoo isijazwe kaa wengi wala kuachwa juani. Bustani za Langmoor na Lister zilizo juu ya ufukwe zina uwanja wa gofu ndogo na mandhari ya ghuba nzima. Kwenye bandari kuna jengo la mawe lenye maonyesho ya viumbe hai wa bahari, ambako unamlisha mkizi kwa mkono. Mtoni kuna kinu cha maji cha zamani, Town Mill, kinachosaga unga hadi leo.

Maji ni baridi, tusidanganyane. Agosti na Septemba ni nyuzi 17 hivi, Februari ni nusu yake au zaidi kidogo. Vaa nguo ya mpira ya kuogelea. Pamoja na baridi hiyo, tarehe mosi Januari umati wa watu unaingia baharini umevaa mavazi ya kuchekesha, na mji mzima unatoka kuangalia.

#11 Nahodha_wa_Shela

Salaam kutoka Lamu. Nimeona picha za huo ukuta wa bandari uliopinda kama mkono wa mtu amekumbatia mashua. Nani aliujenga na umesimamaje mbele ya bahari ya kusi ya huko?

#12 Binti_Msasani

Nahodha, huo unaitwa the Cobb, na umetajwa kwenye maandishi tangu karne ya 14. Lyme haina bandari ya asili, mto wake ni mdogo mno, kwa hiyo bila ukuta ule kusingekuwa na mji. Zamani ulikuwa nguzo za mwaloni zilizojazwa mawe makubwa katikati, na bahari iliuvunja mara nyingi. Dhoruba kubwa ya Novemba 1824 iliubomoa vibaya, ukajengwa upya kwa mawe ya Portland, na huo ndio unaouona. Biashara yake ilikuwa kubwa hadi meli zilipozidi ukubwa wa mlango wake. Mwaka 1685 mwinyi mkuu aliyeitwa Duke wa Monmouth alishukia ufukwe wa upande wa magharibi kujaribu kumpindua mfalme, ndiyo maana unaitwa Monmouth Beach.

Njia ya juu ya ukuta imelazwa kuelekea baharini na haina kizuizi chochote. Mawe yakilowa yanateleza. Siku ya mawimbi tumia njia ya chini, upande wa ndani, na mshike mtoto mkono.

Na hapo Monmouth Beach, ukitembea kuelekea magharibi maji yakiwa yamekupwa sana, utakuta mwamba tambarare uliojaa amonaiti wakubwa, wengine upana wake unafika sentimita 70, wamelala pamoja kama walivyofia. Hao hawachukuliwi. Ni hifadhi. Ni kukanyaga polepole na kutazama. Mimi nimeona mambo mengi Uingereza, majumba ya wafalme na makanisa makuu, na sijaona kitu kilichonishika kuliko mwamba ule.

#13 Mpanda_Uluguru

Kwa wapenda kutembea, niongezee. Njia ya Pwani ya Kusini-Magharibi, yenye kilomita zaidi ya 1,000, inapita hapo. Kuna vipande viwili nimevitembea.

Cha kwanza ni Golden Cap, mashariki ya Charmouth. Ni mita 191, kilele cha juu kuliko vyote kwenye pwani ya kusini ya Uingereza. Ukianzia Seatown mteremko ni mkali lakini mfupi, mtu mwenye afya ya kawaida anafika. Siku isiyo na ukungu unakiona kisiwa cha Portland.

Cha pili ni Undercliff, kutoka Lyme hadi Seaton, kama kilomita 11. Hii ni hifadhi ya taifa iliyoota juu ya ardhi iliyoporomoka. Mkesha wa Krismasi mwaka 1839 shamba zima lilijitenga na bara pale Bindon, likashuka na mazao yake ya ngano, na Agosti iliyofuata watu walikuja kwa shangwe kuvuna ngano ileile. Tangu hapo hapalimwi, msitu umejiotea wenyewe. Ndani kuna giza, mizizi, utelezi, ndege tele, na bahari unaisikia zaidi ya unavyoiona. Ukishaingia hakuna pa kutokea katikati. Beba maji na chakula, toa saa nne, vaa buti. Mvua ikiwa imenyesha siku kadhaa, ahirisha.

#14 Mama_Chuwa

Mama yangu anakuja kutoka Moshi mwezi wa sita, ana miaka sabini na nane na goti linasumbua. Hapo kwenye vilima atafanya nini jamani? Sitaki akae kwenye gari.

#15 Binti_Msasani

Mama Chuwa, karibuni sana na mpe mama shikamoo yangu. Mshusheni chini kabisa karibu na bahari kabla ya kwenda kuegesha. Kutoka hapo njia ya Marine Parade ni tambarare hadi bandarini, ina mabenchi mengi na inatazama kusini, kwa hiyo anapata jua. Mletee blanketi la miguu, upepo wa Juni huku si wa Moshi.

Kisha siku ya pili mpeleke Seaton, magharibi kidogo. Kuna tramu za umeme zinazokwenda hadi Colyton, kilomita tano hivi, kando ya mto Axe na mabwawa yake. Zimekuwapo tangu 1970. Anakaa, anaona korongo na bata maji, wajukuu wanaona, hakuna anayepanda kilima. Mkipata nafasi kaeni ghorofa ya juu, ila ngazi zake ni nyembamba, yeye abaki chini.

Shakwe wa pale wana ujasiri. Watachukua chipsi mkononi mwa bibi. Mabango yanakataza kuwalisha, na mtaelewa kwa nini.

#16 Ukhty_Z

Hapohapo kwenye chipsi, vipi kwa sisi Waislamu?

#17 Binti_Msasani

Samaki wako wa kutosha, lakini uliza mambo mawili kabla ya kuagiza: mafuta ni ya mimea au ya ng'ombe, na unga wa kukaangia umekorogwa kwa maji au kwa bia. Maduka mengine yanatumia bia. Wanajibu kwa adabu, wamezoea kuulizwa na wenye mzio. Nyama halali usitegemee kuipata, beba yako. Tukiwa na wageni mimi hupika pilau usiku, naifunga kwenye chombo cha kutunza joto, tunakula kwenye nyasi za bustani. Kwa kuvulia kaa, wengi hutumia nyama ya nguruwe kama chambo. Omba vichwa vya samaki kwa muuza samaki bandarini, kaa wanavipenda vilevile.

#18 kijana_wa_Leicester

Nimeshaongea na mke, tunakwenda likizo fupi ya Februari. La mwisho dada: hivyo visukuku tukishafika navyo nyumbani tunavitunzaje? Jamaa yangu alikuwa na kile cha dhahabu, baada ya mwaka kikawa unga mweupe.

#19 Binti_Msasani

Hiyo ni chumvi na unyevunyevu. Vile vya rangi ya dhahabu vina madini ya chuma na salfa, na vikikaa kwenye hewa yenye unyevu vinaoza kutoka ndani. Mkifika nyumbani viloweke kwenye maji ya bomba siku kadhaa, ukibadilisha maji kila siku hadi chumvi itoke. Vikaushe kabisa kwenye joto la chumbani, usiviweke juu ya hita. Kisha viweke kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Dirisha la bafuni ndipo mahali pabaya kuliko pote.

Vya mawe ya chokaa na belemnaiti havina shida, osha tu. Na andika kwenye karatasi umeokota wapi na tarehe gani, mtoto mwenyewe aandike, uiweke ndani ya kopo. Ukimpelekea mtaalamu, hilo ndilo la kwanza atakalouliza.